Ufa kwenye mashine ya bati: nilivyoutengeneza mara mbili, na cha kukagua kabla hujanunua mashine ya mtumba mtandaoni

Somo la leo ni refu kidogo na lina mambo ya chuma, lakini usilipite kwa sababu we unauza nguo au vyombo. Kama una cherehani ya zamani, mzani wa mawe, mashine ya kusaga au jenereta, basi unayo tayari hii aina ya chuma ninayotaka kuizungumzia. Na kama unanunua au kuuza mashine za mtumba kwa picha za mtandaoni, soma mpaka mwisho.

Mimi nipo Chanzuru, Kilosa. Nauza vitu vya bati: vihenge vya kuhifadhia mahindi, ndoo, karai, mikebe, mabomba ya moshi. Natengeneza mwenyewe na kijana mmoja anayenisaidia, napiga picha, naweka WhatsApp na Facebook. Mteja anatuma nusu kwa simu, nikimaliza anamalizia. Chuo cha ufundi sikusoma. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kujifunza kwa kuangalia na kwa kuharibu. Hii ni moja ya zile nilizoharibu.

ILIVYOTOKEA

Nina mashine ya kutia mbavu kwenye bati. Ni ya kuzungusha kwa mkono. Fremu yake ina umbo la mdomo uliofunguka, kama herufi C. Ndani kuna shafti mbili, moja juu moja chini, na kila moja mbele ina gurudumu lenye mfereji. Unapitisha bati katikati, unakaza skrubu ya juu, unazungusha mkono, bati linatoka na mstari ulioinuka. Huo mstari ndo ubavu. Kihenge kisicho na mbavu ukikiegemea kinabonyea.

Ilikuwa msimu wa mavuno. Nilikuwa na oda ya vihenge sita vya kikundi cha akina mama wa Rudewa. Malipo ya nusu nilishapokea na pesa yote ilishaingia kwenye bati. Viwili nilishamaliza. Katikati akaja mteja mwingine anataka jiko kubwa la bati nene, geji 18, na anataka mbavu. Mashine yangu ilizoea geji 26 na 24. Nikajiambia tutakaza tu skrubu.

Tukakaza. Kijana akazungusha. Nikasikia "ta!", kama kijiti kikavu. Mdomo wa mashine ukaachama kidogo. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye kona ya ndani ya mdomo, umekwenda nyuma kama upana wa vidole vitatu.

Hapa pana hesabu ambayo sikuwa naijua. Geji namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 24 ina unene wa kama milimita 0.56. Geji 18 ni kama milimita 1.2. Ukiangalia haraka unasema ni mara mbili tu. Lakini nguvu ya kukunja bati haiongezeki sawa na unene, inaongezeka kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo bati nene mara mbili linataka nguvu mara nne na zaidi. Mimi niliitwisha mashine mzigo wa mara nne nikidhani nimeongeza mara mbili.

KOSA LA PILI: HARAKA

Nilimwita fundi wa kuchomelea wa jirani. Nilimkuta na kazi za watu, nikamlilia, "Kaka, nifanyie leo leo, nina wateja." Alipiga weldi kwa rodi za kawaida zile za kuchomelea mageti. Elfu kumi na tano. Weldi ilikuwa nzuri machoni, imenyooka. Simlaumu sana, maana mimi ndo nilisimama kichwani kwake nikimhimiza.

Usiku ule nikiwa ndani nilisikia sauti kutoka kibandani: "ti... ti..." Nikadhani ni panya kwenye mabati. Kumbe ni fremu ilikuwa inapoa na kupasuka yenyewe.

Asubuhi tukaanza kihenge cha tatu, geji 24, bati la kawaida kabisa. Zamu chache tu za mkono, fremu ikakatika vipande viwili. Kipande cha juu na shafti yake kikaanguka karibu na mguu wa kijana. Alikuwa amevaa kandambili. Kingepita sentimita chache upande wa kulia, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Nilipookota vipande nikaona mambo mawili.

La kwanza, weldi yenyewe haikukatika. Chuma kilikatika pembeni yake, sambamba nayo, kama umekata na kisu.

La pili ndo lililoniuma. Sehemu kubwa ya uso uliovunjika ilikuwa ya kijivu inayong'aa, chembechembe kama chumvi. Lakini upande wa kona ya ndani, karibu robo ya uso ule, palikuwa peusi pana kutu, na ndani ya kutu kuna mabaki ya puti na rangi ya kijani. Chuma kilichopasuka jana hakiwezi kuwa na kutu ya miaka. Yaani mashine niliuziwa ikiwa na ufa tayari. Mtu aliujaza puti, akapaka rangi, akapiga picha, akaandika "ipo vizuri kabisa, haina tatizo". Na mimi nilituma pesa kwa kuangalia picha.

KWA NINI WELDI YA KAWAIDA ILISHINDWA

Fremu za mashine nyingi za zamani ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Mafundi wengi wanakiita kasti. Chuma cha mageti na nondo kina kaboni kidogo sana, chini ya asilimia moja. Kasti ina kaboni kama asilimia 2 mpaka 4. Kaboni hiyo imekaa ndani ya chuma kama vijikaratasi vya grafaiti, ile ile iliyo ndani ya penseli. Ndiyo maana ukipiga tupa kwenye kasti vidole vinakuwa vyeusi.

Vile vijikaratasi ni kama nyufa ndogo zilizozaliwa na chuma. Ukikibana chuma, havina neno. Ukikivuta, vinafunguka. Kasti inavumilia kubanwa mara tatu au nne zaidi ya inavyovumilia kuvutwa. Na haina tabia ya kupinda kwanza kukuonya. Nondo itapinda, kasti itakatika.

Sasa ukiichomelea kwa rodi ya kawaida, yanatokea mawili kwa pamoja. Moja, weldi ikiwa ya moto inameza kaboni ya kasti, na kwa kuwa inapoa haraka, pale pembeni panakuwa pagumu kama kioo. Mbili, weldi inapopoa inasinyaa na kuvuta chuma cha pembeni. Nondo ingelegea kidogo ikakubali. Kasti haikubali kuvutwa, kwa hiyo inapasuka pembeni ya weldi. Zile "ti... ti..." za usiku zilikuwa hizo.

Utajuaje kama chuma chako ni kasti kabla fundi hajawasha mashine? Toboa kidogo kwa drili mahali pasipo na kazi. Chuma cha kawaida kinatoa uzi unaojiviringisha, kasti inatoa unga na vipande vidogo vidogo. Au gusisha grainda: cheche za chuma cha kawaida ni ndefu na nyeupe, za kasti ni fupi na nyekundu zilizofifia. Dakika moja tu, na inakuokoa pesa.

KISHAWISHI

Niseme ukweli, maana hapa tunafundishana. Siku ile nilikuwa na vihenge vinne sijamaliza, pesa ya watu imeshaingia kwenye bati, na mashine vipande viwili. Rafiki yangu akaniambia, "Ichomelee juu juu, piga puti, paka rangi, itupie mtandaoni. Mtu wa Dodoma au Singida huko anakujua wewe?"

Nililala nalo hilo wazo. Hata bei nilishaipanga kichwani. Asubuhi nikamwona kijana anafagia pale pale shafti ilipoangukia, na kandambili zake zile zile. Nikaona huyo mtu wa Singida naye atakuwa na kijana wake. Nikafunga vipande kwenye kiroba, nikapanda gari kwenda Morogoro.

UFUNDI WA PILI: SHABA KWA GESI

Niliulizia mpaka nikamfikia mzee mmoja wa gesi, wale waliotengeneza blok za injini za trekta za mashamba ya mkonge enzi hizo. Nikamsalimia, shikamoo, nikafungua kiroba. Hakuuliza bei wala haraka. Aliuliza, "Mwanangu, ilikuwa inakata nini ilipopasuka?" Nikamweleza geji 18. Akacheka kidogo, akasema, "Basi tuna kazi mbili. Kuunga chuma, na kukuunga wewe akili."

Nilikaa naye siku mbili. Nimeandika hatua zake kama nilivyoziona, ili hata kama hutofanya mwenyewe ujue kumuuliza fundi wako.

1. Kutafuta nyufa nyingine kwanza. Alisafisha fremu yote kwa mafuta na brashi ya waya. Akapaka mafuta ya taa, akasubiri kama robo saa, akafuta pakawa pakavu kabisa, akapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanarudi nje yanalowesha chaki, unaona mstari. Tukapata ufa wa pili ambao sikuujua, karibu na tundu la bolti ya mguu. Njia hii haina gharama, chaki na mafuta ya taa vipo kila duka.

2. Kuzuia ufa usiendelee. Ule ufa mdogo alitoboa tundu la milimita 5 mbele kidogo ya ncha yake. Ncha ya ufa ni kali kama sindano na nguvu yote inakusanyika pale. Ikikuta tundu la mviringo, nguvu inatawanyika na ufa unasimama. Ukitoboa nyuma ya ncha haisaidii, ndo maana chaki inatangulia drili.

3. Kuondoa weldi ya zamani yote. Alikata na grainda mpaka chuma safi. Akatengeneza mfereji wa umbo la V pande zote mbili za fremu, akaacha katikati pembamba pa kukutanishia vipande. Mwisho alipitisha tupa, kwa sababu grainda inapaka grafaiti usoni na shaba haishiki kwenye grafaiti.

4. Kunyoosha. Hili nisingelifikiria. Bushi alizitoa, maana moto ungeziharibu. Kisha akapitisha vyuma viwili vilivyonyooka kwenye matundu ya shafti, akapima umbali kati yao mbele na nyuma mpaka ukalingana, akabana fremu yote kwenye bapa nene la chuma. Ukiunga fremu ikiwa imepinda hata kidogo, magurudumu hayatakutana na mbavu zako zitakuwa za kulewa.

5. Kupasha fremu nzima. Hakupasha pale pa ufa tu. Aliiweka kwenye mkaa, taratibu, karibu saa nzima, moto unaizunguka pande zote. Ukipasha sehemu moja, hiyo inatanuka na nyingine inakataa, unapata ufa mpya.

6. Kuunga kwa shaba ya njano. Alitumia oksijeni na asetilini, fimbo ya shaba ya njano na unga wa boraksi. Alipasha mfereji mpaka ukawa mwekundu uliofifia, kisha shaba ikayeyuka ikatambaa yenyewe kwenye chuma. Faida yake ni hii: shaba hiyo inayeyuka karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kasti inayeyuka kuanzia kama 1150. Kwa hiyo kasti haiyeyuki kabisa, haibadiliki kuwa kioo. Na shaba ni laini, inakubali kuvutika kidogo wakati wa kupoa.

7. Kupoa polepole. Alipomaliza hakuiacha kwenye upepo wala hakumwagia maji. Aliifukia kwenye majivu makavu ya pumba za mpunga, kiroba kizima, tukaiacha mpaka kesho yake. Majivu ya pumba yanashika joto vizuri sana na sisi huku Kilosa tunayatupa. Mchanga mkavu au chokaa kavu navyo vinafaa. Nilipoitoa asubuhi bado ilikuwa na uvuguvugu. Usiku huo hapakuwa na "ti".

Tahadhari mbili. Moshi wa shaba ya njano una zinki, kama moshi wa kuchomelea bati la mabati. Ukiuvuta sana usiku unatetemeka kama una malaria. Kazi ifanyike nje, upepo ukupige mgongoni. Na mafuta au grisi visiguse vifaa vya oksijeni, vinaweza kuwaka kwa mlipuko.

Je, kama hakuna fundi wa gesi? Kuna rodi za nikeli za mashine ya kawaida ya weldi. Ni ghali, lakini zinapatana na kasti. Zinatumika kwa vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, unagonga kwa nyundo ndogo weldi ikiwa bado ya moto, unasubiri mpaka uweze kugusa kwa mkono ndo unaendelea. Fundi akikuambia atamaliza kwa dakika kumi, chukua chuma chako uondoke. Njia nyingine haina moto kabisa, unashona ufa kwa bolti na bapa za chuma pande zote mbili. Ukiwa Kilosa, Mikumi kuna chuo cha VETA, na Morogoro mjini kuna ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Ni sehemu za kuanzia kuulizia fundi anayejua kasti.

KAZI ILIYOBAKI: KUONDOA KINACHOUVUTA

Nilidhani tumemaliza. Mzee akasema shaba peke yake ingepasuka tena siku moja, kwa sababu kila ukikaza skrubu, mdomo wa C unataka kufunguka, na kona ya ndani ndo inavutwa. Ufa ule ule ungeanzia pale pale.

Akatengeneza vipande viwili vya bapa nene, kimoja kikae juu ya fremu na kingine chini. Akapitisha fimbo mbili za chuma za milimita 16 zenye nyuzi za nati, moja kila upande wa fremu, karibu kabisa na kona ya ndani. Fremu ikiwa imepoa kabisa, akakaza nati kidogo kidogo kwa kupokezana, kushoto robo zamu, kulia robo zamu.

Maana yake hizo fimbo zinaibana ile kona muda wote. Mdomo ukitaka kufunguka, kwanza lazima uzivute fimbo, na fimbo ni chuma cha kawaida kinachokubali kuvutwa. Kasti imebaki kwenye kazi inayoiweza, kubanwa. Nimepoteza kama sentimita mbili za kina cha mdomo, kwa vihenge vyangu hainisumbui.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa na ukuta nikajenga, kwa sababu sikuuliza nini kinauvuta.

KUJARIBU

Sikuanza na bati la mteja. Nilianza na mabaki ya geji 30, kisha 28, 26, 24. Kila hatua nilipaka chaki na mafuta ya taa tena kuangalia. Nilikuwa nakaza skrubu kwa hatua tatu, napitisha bati mara tatu, badala ya kulazimisha mara moja. Kisha nikaandika kwa rangi nyekundu kwenye fremu: MWISHO GEJI 24. Mteja wa jiko la geji 18 nilimrudisha kwa fundi mwenye mashine kubwa. Na kijana nilimnunulia viatu vya kufunika miguu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza.

HESABU

Weldi ya kwanza iliyoshindwa: 15,000.
Nauli na mzigo kwenda na kurudi: 24,000.
Mzee, pamoja na gesi na shaba: 90,000.
Fimbo, bapa na nati: 35,000.
Jumla: 164,000. Mashine yenyewe niliinunua 350,000. Na siku tisa sikutengeneza kitu.

Ningeanza na mzee moja kwa moja ningeokoa 15,000 na siku mbili, na mguu wa kijana usingekuwa hatarini. Ningepaka chaki siku ninayonunua, ningeokoa yote.

WATEJA NILIWAAMBIA NINI

Siku ya kwanza mashine ilipopasuka nilinyamaza. Siku ya pili ilipokatika nikaandika kwa mama kiongozi wa kikundi, kabla hajanipigia:

"Shikamoo mama. Mashine yangu imevunjika leo. Vihenge viwili viko tayari mnaweza kuvichukua. Vinne vilivyobaki vitachelewa, naomba siku kumi. Anayehitaji pesa yake nitamrudishia kabla ya Jumamosi. Picha ya mashine ni hii."

Akanijibu kwa sauti: "Afadhali umesema mapema mwanangu, mahindi bado tumeyaanika. Lakini siku kumi ziwe kumi kweli, dumuzi hawasubiri."

Mmoja akataka pesa yake, nilikopa nikamrudishia. Watatu wakasubiri. Nilimaliza siku ya kumi na moja, sio ya kumi. Nikapeleka mwenyewe mpaka Rudewa bila kudai nauli ya mzigo. Yule aliyerudishiwa pesa hajawahi kuagiza tena, na namwelewa.

Tuma ujumbe siku ile ile, sema kilichotokea, sema tarehe moja, na ruhusu pesa irudi. Mimi nilichelewa siku moja kusema, na ndiyo siku iliyokuwa ngumu kuliko zote.

KABLA HUJANUNUA MASHINE YA MTUMBA KWA PICHA

- Omba picha za mchana za kona zote za ndani, matundu ya bolti, na pale mkono unapoungana na mwili. Ufa unapenda kona na matundu.
- Rangi mpya kabisa kwenye mashine kuukuu, uliza kwa nini. Hasa ikiwa mpya sehemu moja tu.
- Omba video mashine ikifanya kazi na bati la unene unaoutaka wewe. Ikizunguka bila bati haijakuonyesha kitu.
- Ukifika kuiona, nenda na chaki, mafuta ya taa na kitambaa. Muuzaji akikataa usipake chaki, umeshapata jibu.
- Igonge taratibu kwa nyundo ndogo ikiwa haijafungwa kwenye meza. Kasti nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti iliyokufa.
- Usitume pesa yote kabla ya kukagua. Mimi nilituma yote.

Na kama we ndo muuzaji, ufa upige picha, uandike, punguza bei. Kuna mafundi wananunua mashine zenye ufa kwa furaha kabisa, kwa sababu wanajua kuzitengeneza. Mashine yangu nikiiuza siku moja, picha ya kwanza itakuwa ya ule mstari wa shaba na zile fimbo mbili, na neno geji 24.

Kwa sasa bado ipo kazini. Kila mwisho wa mwezi napaka chaki kwenye ile kona. Leo asubuhi nimepaka, ilikuwa nyeupe tupu.

Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako anayetafuta mashine ya mtumba. Somo lijalo nitaeleza jinsi ya kupanga bei ya kitu cha kutengeneza kwa mkono bila kusahau mkaa, nauli na muda wako.